Kijana Hatimizi Asichoelezwa: Majibu kwa Hoja Tano Zinazosikika Mkoani Mara

Kila Januari, wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaporipoti shuleni Musoma, Bunda na Butiama, maneno yaleyale huanza upya kwenye vikao vya wazazi, sokoni na vijiweni: vijana wa siku hizi hawana bidii, hawasikii, shule imewashinda. Wanaosema hivyo wengi ni wazazi waliouza mbuzi ili mtoto apate sare na madaftari, na walimu wanaofundisha darasa lililofurika. Uchungu wao nauelewa na ninauheshimu. Hata hivyo, hoja wanazozijenga juu ya uchungu huo zinawaumiza vijana wetu, kwa hiyo nazijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza: "Kinachotakiwa shuleni kinajulikana. Fomu ya kujiunga amepewa, kazi kwake."

Fomu ya kujiunga inataja rangi ya sare, idadi ya madaftari na makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu shule. Haisemi namna ya kusoma. Mtoto aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili anakuta fizikia, kemia, historia na jiografia zote zinafundishwa kwa Kiingereza. Tena wengi hapa kwetu walikua na Kijita, Kizanaki, Kiikizu au Kikurya nyumbani, Kiswahili wakakikamilishia shuleni. Kiingereza kwao ni lugha ya tatu, na ndiyo wanayofanyia mtihani.

Fungua daftari la majaribio la mwanafunzi wa kidato cha pili. Swali linamtaka aeleze sababu tatu, alama sita. Yeye ameandika sababu tatu, kila moja kwa maneno mawili matatu, mstari kwa mstari. Amepata tatu kati ya sita, na pembeni pana wino mwekundu: ongeza bidii. Bidii hakukosa, sababu zote tatu alizijua. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba sababu tatu kwa alama sita maana yake kila sababu ina alama mbili, ya kuitaja na ya kuieleza. Mwalimu akiandika ubaoni jibu la alama tatu na jibu la alama sita, yakakaa sambamba, darasa zima litaona tofauti ndani ya kipindi kimoja.

Ni vivyo hivyo kwa madaraja ya ufaulu. Katika mtihani wa kidato cha nne D inaanzia 30, C 45, B 65 na A 75, na divisheni hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Mwanafunzi mwenye 41 ya biolojia akiambiwa "jitahidi" anabaki palepale. Akiambiwa zimebaki alama nne aifikie C, na wakatafuta pamoja mada zitakazompa alama hizo, ana kitu cha kushika.

Hoja ya pili: "Bila kiboko kijana haelewi."

Tuanze na sheria. Kanuni za Elimu za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Viboko havizidi vinne, na adhabu lazima iandikwe kitabuni. Mwalimu anayechapa darasa zima kwa kufeli jaribio yuko nje ya kanuni hizo.

Tuje kwenye elimu yenyewe. Kiboko kinamwambia kijana amekosea, hakimwonyeshi wapi. Aliyeacha hesabu kwa kutoielewa atarudi kesho bado haielewi, isipokuwa safari hii atakuwa amenakili kwa jirani yake ili mgongo upone. Mwalimu ataona daftari limejaa na kudhani kijana amebadilika, kumbe amejifunza kuficha. Nidhamu inatakiwa, sina ubishi. Hiyo hujengwa kwa kanuni chache ambazo kila mmoja anazijua na zinazomhusu kila mmoja, pamoja na mwalimu anayeuliza kabla ya kuhukumu. Anayechelewa kila siku kwa sababu anachota maji kwanza ndipo atembee kilomita kadhaa hadi shuleni anahitaji mwalimu wa darasa azungumze na mama yake.

Hoja ya tatu: "Mwalimu Nyerere alitoka Butiama akaenda kusoma Musoma bila msaada wa mtu. Hawa wanadekezwa."

Hoja hii ina nguvu sana Mara, na kwa haki: ni mtoto wa kwetu. Ndiyo sababu inafaa tuisimulie historia yake kikamilifu. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, Kambarage, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alianza shule Mwisenge, Musoma, kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani. Umbali huo hakuutembea kila asubuhi. Alilala bwenini, na muda wa mapumziko aliutumia kujisomea. Kiswahili kilichokuwa lugha ya kufundishia alijifunza palepale shuleni, na walimu walipoona uwezo wake wakamrusha darasa. Mwaka 1937 akaenda Tabora, na mwaka 1943 Makerere.

Kipaji alikuwa nacho, na juhudi alikuwa nazo. Lakini pia alikuwa na mahali pa kulala karibu na darasa, muda wa kusoma, na walimu waliomtazama yeye kama yeye. Anayetaka kumpima mtoto wake kwa kipimo cha Mwalimu na ampe kwanza hayo matatu, au walau mawili.

Hoja ya nne: "Serikali imefuta ada. Mzazi kamaliza wajibu wake, kilichobaki ni cha mtoto na mwalimu."

Ni kweli ada ya sekondari za serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikafuata. Huo ni mzigo mkubwa uliotuliwa. Ila muda wa kijana hauko mikononi mwa serikali, uko mikononi mwetu nyumbani.

Wavuvi wa dagaa wanajua: dagaa hufuatwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa taa. Kijana anayekwenda na mtumbwi usiku anarudi alfajiri, ananawa, anavaa shati jeupe na kwenda shule. Kipindi cha kwanza kichwa kiko juu ya dawati. Ripoti inaandikwa "mvivu darasani", naye baba anayeisoma ndiye aliyemtuma ziwani. Dada yake hakuvua, lakini aliamka kuchota maji, akarudi jioni kuanua dagaa na kupika, na alipokumbuka kazi ya nyumbani mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha. Pande za Bunda ni kuvuna pamba na kulinda shamba lisiingiliwe na tembo wa Serengeti. Buhemba ni kuchimba dhahabu.

Umaskini haufutwi kwa hotuba, na kazi si adui wa elimu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alitaka shule na kazi viende pamoja. Ninachodai kiko ndani ya uwezo wa kaya nyingi: saa mbili za kujisomea kila jioni ambazo hakuna mtu wa kumtuma, na usiku wa kuamkia shule alale nyumbani. Familia ikae, ikubaliane, na kaka na dada wahesabiwe sawa.

Hoja ya tano: "Msichana akishapevuka, anayotarajiwa ni ya nyumbani, si ya shule."

Hapa sitazunguka. Desemba, shule zinapofungwa, ndipo wasichana wa mkoa huu huwa hatarini zaidi kukeketwa, na kwa wengine ukeketaji ni mlango wa ndoa. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Kumwoa mwanafunzi au kumpa mimba, kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, adhabu yake inafika miaka 30 jela. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani.

Msichana anayeambiwa na mwalimu "soma" na kuambiwa na shangazi "umekua sasa" amewekewa matarajio mawili yanayopigana, kisha analaumiwa kwa kutotimiza la kwanza. Sisi watu wazima ndio tunaopaswa kupatana kwanza. Mzazi amtamkie binti yake waziwazi, mbele ya ndugu, kwamba kazi yake hadi amalize kidato cha nne ni shule, na Desemba awe mlinzi wa neno hilo.

Basi kikao kijacho cha wazazi kisiishie kwenye kulalamika. Mwalimu wa darasa alete majibu mawili ya swali moja, lililofaulu na lililofeli, aonyeshe tofauti. Kila mzazi aseme ni saa ngapi za jioni amemwachia mwanawe. Na wanafunzi waitwe ndani, wasimame, waeleze kwa maneno yao wanachodhani kinatakiwa kwao. Palipo na pengo pataonekana siku hiyohiyo. Matarajio makubwa tuwe nayo, tena yasipungue. Tukishamweleza kijana na kumpa muda, ndipo tutakuwa na haki ya kumdai matokeo.