Sensa ya Oksijeni na Kitenzi Kilichokosekana

Wapo wanaodai kwamba uundaji wa istilahi ni kazi ya ofisini. Dai hili halina mashiko, na ushahidi upo katika gereji za Eastlands, Nairobi, hususan Kariobangi Light Industries, ambako injini hufumuliwa na kuundwa upya.

Fundi anayetuni injini hufunga kihisi cha oksijeni kwenye bomba la moshi ili aujue uwiano wa hewa na petroli. Kihisi cha kawaida hueleza tu kama petroli imezidi au imepungua kilo moja kwa kilo 14.7 za hewa; kile cha upeo mpana hutaja kiasi chenyewe. Mafundi hukiita sensa, neno ambalo kamusi hulifasili kuwa hesabu ya watu, kama ile iliyofanywa Kenya mwaka 2019. Hilo si neno, muktadha hulitatua. Tatizo ni kitenzi.

Baadhi ya vihisi hivi, kabla ya kutumiwa, hutolewa bombani, hupata moto, kisha huachwa katika hewa safi ambayo oksijeni yake ni asilimia 20.9, na kipimo huwekwa hapo. Kazi hii ikiitwa "kurekebisha", mwanagenzi hudhani kuna kilichoharibika. Hakuna. Kipimo kinalinganishwa na kitu kinachojulikana, mithili ya mizani ya duka na jiwe lililopigwa muhuri. "Kulinganisha kipimo" humlazimisha fundi ajiulize: na nini? Akiifanya kazi hiyo nyuma ya matatu inayonguruma, ambako moshi umepunguza oksijeni, kipimo kitatia chumvi: mchanganyiko wenye petroli nyingi kitauonyesha kuwa nayo nyingi zaidi. Naye atapunguza petroli, na pistoni iungue gari likiwa Jogoo Road, limejaa abiria.

Watatokea watakaopendekeza "kalibresheni". Kukopa si dhambi; kabureta na plagi zimekwisha kuwa Kiswahili. Lakini kabureta hushikwa mkononi, ilhali kalibresheni haishikiki wala haijielezi.

Yafaa basi vyama vya Kiswahili viwatume wanafunzi gerejini, daftari mkononi, kabla ya orodha nyingine ya istilahi kuchapishwa. Nao waende alfajiri, kabla magari hayajawashwa.