UCHAMBUZI: Kuzikaribisha benki za kigeni hakutoshi kuiponya Ethiopia

WABUNGE wa Ethiopia walipopitisha sheria ya kuruhusu benki za kigeni kuhudumu nchini humo mnamo Desemba 17, 2024, walikomesha marufuku iliyokuwa imedumu kwa karibu nusu karne. Tangu Januari 1, 1975, utawala wa kijeshi wa Derg ulipotaifisha benki zote, hakuna benki ya nje iliyoruhusiwa kupokea hata senti moja ya mwekaji akiba wa taifa hilo.

Nchini Kenya, hatua hiyo ilikuwa imesubiriwa kwa miaka mingi. Benki ya KCB ilifungua afisi ya uwakilishi jijini Addis Ababa mwaka wa 2015, nayo Equity ikafuata mnamo 2019. Afisi hizo hazikuwa na idhini ya kupokea amana wala kutoa mikopo. Kazi yake ilikuwa kutazama, kufahamiana na wafanyabiashara na kungoja mlango ufunguliwe. Taifa lenye zaidi ya watu milioni 120, ambalo ni la pili kwa idadi ya watu barani Afrika, si soko la kupuuzwa.

Chini ya sheria hiyo, benki ya kigeni inaweza kuanzisha kampuni tanzu inayoimiliki yenyewe au kununua hisa katika benki ya wenyeji, mradi wageni kwa jumla wasimiliki zaidi ya asilimia 49 ya hisa za benki hiyo.

Hata hivyo, kufungua mlango ndiyo sehemu nyepesi ya mageuzi. Mataifa ya eneo hili yaliyopitia njia hiyo, yakitoka katika uchumi ulioendeshwa na serikali na kuingia katika soko huria, yalijifunza kwa gharama kubwa kwamba ni rahisi kubadilisha mwenye benki kuliko kubadilisha mazoea ya mwenye nchi. Benki haiugui kwa sababu mmiliki wake ni mzalendo au mgeni. Huugua pale mikopo inapotolewa kwa amri ya wakubwa badala ya kutolewa kwa uwezo wa mkopaji kulipa.

Mkoba wa serikali

Kiini cha tatizo la Ethiopia ni Benki ya Biashara ya Ethiopia (CBE), asasi ya serikali iliyoanzishwa mnamo 1963 na ambayo ukubwa wake unazifunika benki zote za kibinafsi. Ingawa raia waliruhusiwa kuanzisha benki zao kuanzia 1994, na benki kama Awash zikachipuka, CBE iliendelea kuwa mkoba ambao serikali iliuendea kila ilipotaka fedha.

Kwa miaka mingi, akiba ya wananchi ilielekezwa katika miradi mikubwa ya mashirika ya umma: mabwawa ya umeme, reli na viwanda vya sukari. Baadhi ya miradi hiyo ina manufaa yasiyopingika. Bwawa kuu la mto Nile, lililozinduliwa rasmi Septemba 2025, ni fahari ya taifa zima. Lakini viwanda kadhaa vya sukari vilichelewa kwa miaka, na shirika ambalo halijazalisha haliwezi kulipa deni.

Mzigo ulipozidi, serikali iliunda shirika maalumu mnamo 2021 la kubeba madeni ya mashirika ya umma. Shirika hilo nalo lilielemewa. Hatimaye ilibidi Hazina ya serikali iyachukue madeni hayo na kuipa CBE hati za dhamana za karibu Birr 900 bilioni ili kuinusuru. Kwa lugha nyepesi, deni lililokopwa kwa amri ya serikali litalipwa na mlipa ushuru, ambaye aghalabu ndiye huyo huyo mwekaji akiba.

Benki za kibinafsi nazo hazikusazwa. Kuanzia 2011, zililazimishwa kununua hati za Benki Kuu zenye thamani ya asilimia 27 ya kila mkopo zilioutoa. Benki iliyomkopesha mfanyabiashara Birr 100 ilitakiwa kutafuta Birr 27 nyingine na kuzipeleka serikalini. Hati hizo zilileta riba ya asilimia tatu, ilhali benki zenyewe zilitakiwa kuwalipa wenye akiba riba isiyopungua asilimia tano. Agizo hilo liliondolewa mnamo Novemba 2019, baada ya miaka minane.

Mwenye akiba alipoteza zaidi. Mfumko wa bei ulipopanda na kupita asilimia 30 mnamo 2022, riba ya asilimia saba aliyopewa haikuwa faida bali hasara ya pole pole. Aliyeweka fedha benki alimaliza mwaka akiwa na noti nyingi zaidi zenye uwezo wa kununua vitu vichache zaidi. Si ajabu kwamba wengi walipendelea kununua ng'ombe, vyuma vya ujenzi au dola katika soko la magendo.

Funzo la Tanzania

Yanayotendeka Addis Ababa yana mfano wa karibu. Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, Tanzania ilitaifisha benki zake na kuziunganisha kuwa Benki ya Taifa ya Biashara (NBC). Kwa zaidi ya miongo miwili, NBC iliyakopesha mashirika ya umma, bodi za mazao na vyama vya ushirika, na mara nyingi haikulipwa.

Tume iliyoongozwa na aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, Charles Nyirabu, ilichunguza hali hiyo na mapendekezo yake yakazaa sheria ya mabenki ya 1991. Wageni wakakaribishwa. Shirika la kukusanya madeni mabaya, LART, likaundwa mwaka huo huo, na vitabu vya NBC vikasafishwa.

Kilichofuata ndicho Ethiopia inachopaswa kukitafakari. Katika miaka michache tu, mikopo mibaya ilirejea. Vitabu vilikuwa vimesafishwa, lakini mikono iliyovichafua ilikuwa ile ile. Mficha maradhi, kifo humfichua. Ilibidi NBC igawanywe mnamo 1997, na sehemu yake ya biashara ikauzwa kwa benki ya ABSA ya Afrika Kusini mwaka wa 2000.

Wala si kila mgeni aliyekuja alikuwa mwokozi. Meridien BIAO, mojawapo ya benki za kwanza za nje kuingia Tanzania, iliporomoka mnamo 1995. Nchini Uganda, Benki ya Biashara ya Uganda iliuzwa kwa kampuni moja ya Malaysia mnamo 1997, kisha ikagunduliwa kwamba benki ya humo humo nchini, Greenland, ilikuwa imejificha nyuma ya mnunuzi huyo. Greenland ilifungwa mnamo 1999 na serikali ikalazimika kuanza upya kutafuta mnunuzi, hadi ilipopata Stanbic mnamo 2002.

Jambo linaloshangaza ni kwamba benki mbili kubwa zaidi za Tanzania hii leo si zile zilizoletwa na wageni. Ni CRDB, iliyobinafsishwa mnamo 1996, na NMB, iliyozaliwa NBC ilipogawanywa na kurithi matawi ya wilayani ambayo wengi waliyaona kuwa hasara tupu. NMB haikuruhusiwa kukopesha hapo mwanzoni. Ilianza kwa kutunza akiba na kulipa mishahara, ikajifunza kutoa mikopo midogo, na ni mnamo 2005 ndipo muungano ulioongozwa na Rabobank ya Uholanzi ulipochukua asilimia 49 ya hisa zake.

Kutoka sheria ya 1991 hadi mauzo hayo ilipita miaka 14. Kilichoziponya benki hizo hakikuwa jina la mgeni bali usimamizi usiopokea simu kutoka kwa wakubwa, pamoja na subira ya kumtafuta mteja mdogo huko aliko.

Tahadhari kwa Wakenya

Benki za Kenya zinazoukodolea macho mlango wa Addis Ababa zina sababu za kwenda na mwendo wa kinyonga. Mnamo Julai 29, 2024, Ethiopia iliiachilia sarafu yake ipangiwe bei na soko, ikiwa sehemu ya makubaliano yaliyoiwezesha kupata mkopo wa dola 3.4 bilioni kutoka kwa Shirika la Fedha Duniani (IMF). Dola moja, ambayo hapo awali ilibadilishwa kwa Birr 57 hivi, ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya Birr 130 mwaka mmoja baadaye.

Mwekezaji aliyeleta dola 100 na kuzibadilisha siku moja kabla ya tangazo hilo alishuhudia zaidi ya nusu ya mtaji wake ikiyeyuka. Hilo si jambo geni kwa benki za Kenya. KCB iliingia Sudan Kusini mnamo 2006 na Equity ikaifuata mnamo 2009. Pauni ya nchi hiyo ilipoachiliwa Desemba 2015, faida ya miaka ikapukutika zilipohesabiwa hasara za sarafu. Mwekaji akiba wa Nyeri au Kisii hakuulizwa iwapo angependa kushiriki bahati nasibu hiyo.

Safaricom pia ina la kusimulia. Muungano iliouongoza ulilipa dola 850 milioni kupata leseni ya simu nchini Ethiopia mnamo 2021, na dola 150 milioni zaidi zikahitajika ili M-Pesa ikubaliwe mnamo 2023. Wakati huo, Telebirr ya shirika la serikali ilikuwa sokoni tangu Mei 2021. Mwenyeji alijihakikishia miaka miwili ya kutangulia kabla ya kumfungulia mgeni. Hakuna sababu ya kudhani kwamba katika benki mambo yatakuwa tofauti.

Mizani ya mageuzi

Haimaanishi kwamba Ethiopia imekosea. Kuiachilia sarafu kulipunguza pengo kati ya bei rasmi na ya magendo, pengo lililokuwa likiwatajirisha wachache wenye jamaa katika afisi za kugawa dola. Benki Kuu sasa ina sheria mpya inayowekea mipaka kiasi ambacho serikali inaweza kukopa kutoka kwake. Soko la hisa lilizinduliwa Januari 2025. Benki za wenyeji nazo zilipewa hadi Juni 2026 kufikisha mtaji wa Birr 5 bilioni, mara kumi ya kiwango cha awali.

Lakini mizani ya kweli iko kwingine. Kwanza, je, shirika la umma likishindwa kulipa, litanyimwa mkopo wa pili? Pili, Gavana wa Benki Kuu anaweza kuiambia serikali hapana, kisha kesho yake akaingia afisini kama kawaida? Tatu, mkulima wa kahawa wa Jimma au mfugaji wa Borana ataipata fedha hiyo?

Swali la tatu ndilo gumu zaidi. Katiba ya Ethiopia inasema ardhi ni mali ya dola na ya umma, hivyo kwa muda mrefu mkulima hakuweza kuweka shamba lake rehani. Sheria ya 2019 ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuruhusu mifugo, mazao na mali nyingine inayohamishika kutumiwa kama dhamana. Benki ya kigeni iliyozoea hatimiliki ya shamba itahitaji kujifunza kumthamini ng'ombe, ama ibaki Addis Ababa ikiwakopesha wauzaji maua wa nje na kununua hati za serikali.

Kenya yenyewe ilionja jambo hilo. Riba ilipodhibitiwa kati ya 2016 na 2019, benki ziliwapa kisogo wafanyabiashara wadogo na kuikopesha serikali, ambayo hailali na deni bila kulipa. Benki zilikuwepo, nyingi na zenye afya. Fedha hazikuwafikia waliozihitaji.

Mjini Moyale, ambako mpaka unapita katikati ya mji mmoja wenye watu wa lugha moja na ndoa za pande zote mbili, mfanyabiashara hununua kwa Birr asubuhi na kuuza kwa shilingi jioni. Kwake yeye, mageuzi hayatapimwa kwa idadi ya mabango mapya ya benki yatakayotundikwa Addis Ababa. Yatapimwa siku atakapoingia katika benki ya upande wowote wa barabara, aeleze biashara yake, na ajibiwe kwa kutazamwa vitabu vyake badala ya kuulizwa anamjua nani.