Sarakasi Chekecheani: Je, Mcheza Kwao Hutuzwa?

Ndugu msomaji, juzi baada ya sala ya Alasiri nilikuwa nimeketi barazani kwetu, Mji wa Kale wa Mombasa, mjukuu wangu wa miaka minne aliporejea kutoka chekechea, pua yake imepakwa rangi nyekundu mfano wa pilipili iliyoiva. Hata kuamkia hakuamkia. Aliingia ndani, akatoka na kamba ya kuanikia nguo, akainyoosha sakafuni, akafungua mwavuli wa nyanya yake, akaanza kutembea juu ya kamba ile hatua kwa hatua, ulimi umemtoka kwa jitihada.

Mamake alicheka. Kaka yangu mkubwa hakucheka. "Huyu tumempeleka akasome," aliuliza, "au akafunzwe uchale?" Nikawa sina jibu la papo hapo, maana kaka ni mkubwa wangu, na swali lake si la kipuuzi. Nilimwomba anipe siku mbili.

Asubuhi yake nilikwenda mwenyewe kutazama. Nilikuta ni wiki ya sarakasi. Watoto kama ishirini walikuwa uani, na mwalimu wao, binti wa mtaani mwenye subira ya ajabu, alikuwa amewapangia shughuli mbalimbali. Hapa pana kamba ya kutembelea, imelazwa chini. Pale pana tairi kuukuu za kurukia. Wengine wanatambaa kama dubu na kuruka kama vyura. Wengine wanarusha hewani vipande vya leso nyepesi na kuvidaka. Mmoja amevishwa kofia ndefu naye ndiye msimamizi: anaita jina la mwenzake, kila mtu anangoja zamu yake, na zamu ikifika wote wanahesabu hatua kwa sauti, moja hadi kumi.

Nilimwuliza mwalimu kwa nini leso na si mpira. Akanijibu kwamba mpira huanguka kwa haraka, na jicho la mtoto mdogo haliwahi kuufuata; lakini leso huelea, ikamngoja. Jicho hufunzwa kufuata, mkono hufunzwa kwenda linakotazama jicho. Mkono huohuo, alisema, ndio kesho utakaoshika kalamu. Hapo nilianza kuona kwamba uchale ule una akili ndani yake.

Sasa tuitazame hiyo sarakasi yenyewe, imetoka wapi. Jina tumeliazima kwa wageni, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya duara. Sarakasi ya namna tuijuayo ilianza London mwaka 1768, pale Philip Astley, aliyekuwa askari wa farasi, alipoonyesha watu ustadi wa kupanda farasi akizunguka uwanja wa mviringo. Aligundua kwamba farasi akikimbia kwa kuzunguka, mpandaji huweza kusimama mgongoni bila kuanguka kwa urahisi. Ukubwa wa duara lile ukatulia kwenye futi 42, na kipimo hicho kimedumu hadi leo. Baadaye ndipo wakaongezwa chale, simba na ndovu.

Na hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatukulisikia. Sarakasi ya wanyama wa mwituni inakufa. Kampuni kubwa ya Marekani, Ringling Bros., iliacha kuchezesha ndovu mwaka 2016, ikafunga maonyesho yake mwaka 2017, na iliporudi uwanjani mwaka 2023 ilirudi bila mnyama hata mmoja. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2019 ya kukataza wanyama wa mwituni katika sarakasi zinazosafiri, na ikaanza kutumika Januari 2020. Dunia imetambua kwamba ndovu hasimami kwa miguu miwili kwa hiari yake. Kilichobakia katika sarakasi ni mwili wa binadamu: mizani, nguvu, wepesi na kuaminiana. Basi mwalimu anayewaambia watoto waigize simba anayerukishwa kwa mjeledi anawafundisha jambo ambalo wenyewe walioliasisi wameanza kulionea haya. Mjeledi na autoe, simba na abaki akinguruma kwa raha zake.

Lakini kaka yangu hakuuliza habari ya simba. Aliuliza kama mchezo ni elimu, na kama mchezo huu ni wetu.

Swali la kwanza tusiliendee kwa Wazungu, tuliendee kwetu. Sote tuliokaa chuoni mbele ya maalimu tumesikia habari ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki msikitini Madina siku ya Idi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsitiri Bibi Aisha ili apate kutazama mpaka atosheke. Tumesikia pia habari ya Abu Umair, mtoto mdogo aliyekuwa na kidege chake cha kuchezea, na Mtume akimfanyia mzaha kwa kumwuliza hali ya kidege hicho. Naye Imamu Ghazali aliandika katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mwema, kwani kumzuia kucheza na kumbana kwa masomo daima huua moyo wake na kufisha akili yake. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 900. Mtaala mpya wa Kenya, ulioanza kutumiwa nchini kote mwaka 2019, umekuja kuzipa shughuli za viungo na ubunifu nafasi yake katika miaka miwili ya chekechea. Kwa wenye kumsoma Ghazali, hiyo si habari mpya.

Tena Mombasa ina historia yake katika jambo hili. Miaka ya 1980, Waislamu wa Pwani walipoona watoto wao wanaachwa nyuma shuleni, walishirikiana na wakfu wa Aga Khan wakaanzisha chekechea ndani ya madrasa. Wanawake wa mitaani walifunzwa ualimu, wakatengeneza vifaa kwa vitu vilivyowazunguka: vifuu, kombe za pwani, vizibo na vitambaa. Kurani ilisomwa na mchezo ukachezwa, kimoja hakikumfukuza mwenzake. Mpango ule ukavuka hadi Zanzibar na Uganda.

Ama swali la pili, kama mchezo huu ni wetu, nawauliza wenzangu wa rika langu: tulipokuwa watoto miaka ya 1970, mdako tuliucheza vipi? Si ulirusha kijiwe juu, ukakumba vingine shimoni, kisha ukakidaka kile cha kwanza kabla hakijagusa chini? Huo ni ustadi uleule wa mrusha mipira wa sarakasi. Mironjo je, hatukuipanda? Na mama zetu waliotoka kisimani na ndoo kichwani, mikono mitupu, maji yasimwagike tone, walifunzwa mizani na nani? Wanaotembea ufuoni wamewaona vijana wetu wakijenga minara ya watu juu ya mchanga; wangapi miongoni mwao wamekwenda kula jasho lao katika sarakasi za ng'ambo! Kwa hiyo jina ni la mgeni, lakini mchezo tunaujua. Ningependa tu mwalimu, akimaliza leso, awaletee watoto mdako pia.

Hapo nilidhani nimepata jibu la kumpelekea kaka. Lakini siku ya pili nilipata jambo lililonitia uchungu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Jirani yetu mmoja ni mama mjane, auza viazi karai jioni. Mwanawe wa miaka mitatu na nusu yuko katika kituo kingine cha kulelea watoto, sikitaji. Huko nako walikuwa na sarakasi, ila wao waliifanya tamasha. Wazazi walitakiwa kulipia nguo za kumetameta, rangi za uso na mabaluni. Mama yule hakuwa na fedha hizo. Aliambiwa kwa upole kwamba, basi, mtoto apumzike nyumbani siku hiyo. Akapumzika. Nilimkuta mlangoni kwao ameshika kitambaa cha sahani, anakirusha na kukidaka peke yake, kwani mazoezi alikuwa ameshayafanya wiki nzima pamoja na wenziwe.

Ndugu msomaji, kosa liko hapo, si kwenye kamba wala kwenye pua nyekundu. Mchezo wa mtoto ukigeuzwa onyesho la wakubwa, mtoto huwa ndiye ndovu mpya: amevishwa, amepangwa, anazungushwa duarani ili watu wapige picha. Anayelia hubembelezwa akae vizuri mbele ya simu. Asiye na nguo hufichwa. Na kilichogharimu fedha ndicho kisichokuwa na faida yoyote. Kamba ni ya bure, tairi kuukuu ni ya bure, kipande cha leso hakikosekani nyumba yoyote ya mwambao. Baluni lililonunuliwa, likipasuka, kipande chake huweza kumziba mtoto koo.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Hivyo tunajua wa kumwuliza. Tuwaulize: wanapokagua vituo hivi, je, hukagua pia michango ya tamasha? Na ua wa watoto kuchezea uko wapi, katika mitaa ambayo kila kiwanja kimeota ghorofa? Nasi wazazi tujiulize wenyewe, kwani nguo zile hazikushonwa ila kwa sababu sisi tulikubali kulipa.

Nilimrudia kaka na majibu yangu. Alinyamaza kitambo, kisha akamwita mjukuu. "Hebu ilete ile kamba," alisema. Akamshika mkono, mtoto akatembea mwanzo hadi mwisho, na mzee ndiye aliyehesabu. Jioni ile mtoto wa muuza viazi naye alikuja, wakatembea kwa zamu hadi adhana ya Magharibi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Naongeza kwamba kwao mtoto ni mahali asipoulizwa nauli ya kuingia. Nami, kwa desturi yangu, nawaachia ubeti mmoja:

Mtoto mpeni kamba, atembee taratibu,
Si kumvisha vilemba, kumtaka maajabu,
Wala msije wapamba, mkamwacha wa taabu,
Wote Mola kawaumba, kucheza kuna sababu.