Mambo ya Ufundi: Mashine ya Mashua Inapokataa Kuwaka Ingali Moto

Wako watu wengi katika sehemu za Rongo ambao maisha yao yamesimama kwa miguu miwili, mmoja shambani na mmoja ziwani. Mtu hulima miwa na mahindi nyumbani kwake, na akiba yake huitia katika mashua na mashine ya kufungwa nyuma, akaiweka ufuoni Homa Bay au Mbita chini ya mikono ya nahodha. Mwenyewe huteremka kwa barabara ipitayo Rodi Kopany kwenda kuitazama pale apatapo nafasi. Kwa kuwa hayuko pale kila siku, habari za mali yake huzipata kwa vinywa vya watu. Na habari moja isumbuayo kuliko nyingi ni hii: mashine huwaka vema alfajiri, hukimbia vema njiani, lakini ikizimwa kidogo ili samaki wapakuliwe, haiwaki tena mpaka ipoe.

Na afikiriwe mzee mmoja wa namna hiyo. Mara ya kwanza alinunua plagi mpya. Mara ya pili alinunua kabureta. Mara ya tatu akaletewa habari kwamba mashua yake imechukuliwa na upepo karibu na kisiwa, vijana wanne wakiwa ndani yake, mashine ikivutwa kamba bila kuitika. Hapo alianza kumshuku nahodha wake, kwamba pengine huuza petroli na kujazia mafuta ya taa. Shuku hiyo haikuwa ya ajabu, maana mchezo wa kuchanganya mafuta ulienea Kenya hata serikali ikaweka, mwaka 2018, ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Mzee akakusudia kumfukuza kijana. Lakini kwanza alipita kwa fundi, na fundi akamwuliza neno moja tu: "Mzee, mashine ikikataa, ule mpira wa kubonyeza petroli huwa mgumu au laini?" Mzee hakujua. "Basi," akasema fundi, "usimfukuze mtu kabla ya kulipata jibu hilo."

Kulifahamu swali la fundi hapana budi kujua kwanza sababu ya ugonjwa wenyewe. Mashine inapokwenda, maji ya ziwa huvutwa ndani yake na kuipoza. Inapozimwa, maji hayo husimama mara moja, lakini moto uliomo katika chuma hausimami. Huenea hata sehemu ambazo safarini zilikuwa na ubaridi, yaani pampu ya petroli, mipira yake na kabureta. Kwa hiyo, katika muda wa dakika 10 hadi 30 hivi baada ya kuzimwa, kabureta huweza kuwa na moto kuliko ilivyokuwa mashua ilipokuwa ikikimbia.

Petroli nayo si kama maji, yachemkayo kwa kadiri moja ya moto. Ni mchanganyiko wa mafuta mengi. Yaliyo mepesi huanza kuchemka karibu na digrii 35 hadi 40 za Selsiasi, na yaliyo mazito hungoja mpaka karibu na digrii 200. Tena uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, ambako mkandamizo wa hewa umepungua kwa kadiri ya sehemu moja katika nane. Mkandamizo ukipungua, petroli huchemka upesi zaidi. Hivyo mashine ambayo haikusumbua Mombasa yaweza kusumbua Homa Bay, wala haina ubovu wowote.

Petroli ikichemka namna hiyo, mashine hupatwa na ugonjwa mmoja katika miwili: njaa au kuvimbiwa. Njaa ni pale mvuke unapojaa katika mipira na pampu, petroli ya maji ikashindwa kupita. Kuvimbiwa ni pale petroli inapofurika kutoka katika kabureta na kuingia ndani ya mashine kwa wingi kuliko hewa, hata plagi zikalowa. Kwa mtu aliye nje magonjwa haya hufanana, maana katika yote mawili kamba huvutwa na mashine hunyamaza. Lakini dawa zake hupingana. Mwenye njaa hupewa chakula. Aliyevimbiwa akiongezwa chakula huzidi kuugua. Nahodha mwenye hofu, ambaye kila mashine ikikataa hubonyeza mpira na kuvuta choki, humponya mmoja na kumwua mwingine.

Kwa sababu hiyo uchunguzi hufuata utaratibu. Kwanza hutazamwa vitu vidogo: je, kamba ya usalama imechomekwa mahali pake, gia iko katikati, na tangi lina petroli? Ni aibu kufungua kabureta kwa ajili ya kamba iliyochomoka.

Pili hushikwa mpira wa kubonyeza. Ukiwa laini, na ukibonyezwa mara kadhaa ukawa mgumu, kisha mashine ikawaka, ugonjwa ulikuwa njaa. Ukikataa kuwa mgumu, hewa inaingia mahali, na viungo vya mpira hukaguliwa kimoja kimoja. Ukionekana umenywea kama ulionyonywa, tangi limefungwa na hewa haiingii. Njaa itokanayo na mvuke hutulizwa kwa kufunika mipira na pampu ya petroli kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, pasipo kugusa sehemu za umeme, halafu mpira hubonyezwa hata uwe mgumu.

Tatu, mpira ukiwa tayari mgumu, na harufu ya petroli ni kali, plagi hufunguliwa na kutazamwa. Zikiwa zimelowa, mashine imevimbiwa. Hapo mpira wa petroli huchomolewa kwenye mashine, choki huachwa wazi bila kuvutwa, na plagi hukaushwa. Kabla ya plagi kurudishwa, kamba ya kuwashia huvutwa mara kadhaa ili petroli iliyozidi itoke, na kamba ya usalama iwe imechomolewa wakati huo ili cheche isizaliwe. Kisha plagi hurudishwa, kamba ya usalama huchomekwa, mkono wa kasi hufunguliwa kadiri mashine inavyoruhusu gia ikiwa katikati, na mashine huvutwa. Ikishawaka, mpira wa petroli hurudishwa upesi na kasi hupunguzwa.

Nne, ikiwa petroli imefika sawasawa na plagi hazikulowa, yafaa kushuku umeme, maana iko koili ambayo hufanya kazi ikiwa baridi na kulala ikiwa moto. Kazi hiyo ni ya fundi, nayo hufanywa mbali na petroli iliyomwagika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kulala chini ndani ya mashua, na cheche moja hutosha kuiteketeza pamoja na watu wake. Kwa hiyo wakati wote wa uchunguzi asiwepo mwenye sigara wala taa ya moto.

Mzee akateremka mwenyewe ufuoni siku hiyo hiyo, akakaa kando bila kusema neno, akitazama. Mashua ikaingia, mashine ikazimwa, samaki wakapakuliwa. Tangi lilikuwa juani. Nusu saa ikapita, kamba ikavutwa, mashine ikakataa. Mzee akaushika mpira: mgumu kama jiwe. Plagi zikafunguliwa: zimelowa. Akaitazama skrubu ndogo ya hewa juu ya kifuniko cha tangi, akakuta imekazwa. Alipoilegeza polepole, mvuke ukatoka kwa mlio kama wa nyoka.

Sababu ilikuwa hiyo. Tangi lililofungwa na kuwekwa juani hujaa mkandamizo, na mkandamizo huo huisukuma petroli katika mpira, ikaishinda sindano ya kabureta na kufurika. Mzee akamwuliza kijana kwa ukali, "Nani aliyekuambia uifunge skrubu hii?" Kijana akajibu kwa adabu, "Ni wewe, mzee. Ulisema tukifika ufuoni nifunge, petroli yako isipotee kwa jua."

Mzee alinyamaza. Akakumbuka pia jambo alilopaswa kulikumbuka tangu mwanzo: mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa wepesi, na mashine iliyotiliwa mafuta hayo hukaidi hasa alfajiri ikiwa baridi. Mashine yake iliwaka kila alfajiri kwa mvuto mmoja au miwili. Ushahidi wa uaminifu wa kijana ulikuwapo siku zote, ila hakuna aliyeusoma. Akamwomba radhi mbele ya wenzake, na fedha za plagi na kabureta akazihesabu kuwa karo ya shule.

Tangu hapo amri za mashua ile ni chache. Kabla ya kuzima, mashine huachwa iende polepole dakika chache ili ipoe. Ikisimama kwa muda, mpira wa petroli huchomolewa, na tangi huwekwa kivulini. Skrubu ya hewa hufunguliwa kabla ya kuondoka. Kila safari nahodha hutazama maji yatokayo kwa nyuma ya mashine. Yakipungua, huzima na kuondoa magugumaji au kipande cha wavu kilichoziba njia ya maji, kwa kuwa mashine isiyopozwa vema hupata ugonjwa huu mara mbili.

Mwenye mashua aliye mbali na ziwa na ajifunze kuuliza kama fundi yule, mgumu au laini, kabla ya kununua kitu na kabla ya kumhukumu mtu.