Mita Sitini za Ziwa Babati

Kila mwaka, kaskazini ya mbali, barafu ya Bahari ya Aktiki inapoanza kuyeyuka, mwanga wa jua hupenya majini, na maji ya barafu, kwa kuwa ni mepesi, hutanda juu ya maji ya chumvi. Hapo vijimea visivyoonekana kwa macho, fitoplanktoni, huzaliana upesi hata bahari ikabadilika rangi. Setilaiti huipima rangi hiyo kutoka angani.

Baba Mtakatifu Fransisko aliwakumbuka viumbe hawa. Katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aya ya 40, anaitaja planktoni miongoni mwa viumbe tunaowasahau, ilhali samaki tunaowala wanawategemea. Tunakiri: tuliipita aya hiyo mara mbili bila kuiona.

Lakini setilaiti nayo haioni yote. Julai 2011 wanasayansi wa Marekani waliokuwa melini katika Bahari ya Chukchi walikuta fitoplanktoni tele chini ya barafu, mahali ambapo jicho la angani halifiki. Ilibidi watu waende, watumbukize vyombo majini.

Sasa tuje kwetu. Ziwa Babati nalo huonekana kutoka juu. Picha za setilaiti za Sentinel-2 hutolewa bure, na kila nukta yake ni mita 10 za ardhi. Masika yakianza, udongo na mbolea huteremka ziwani. Mbolea hulisha mwani kama inavyolisha mahindi. Mwani ukizidi, ukafa na kuoza, hewa majini huisha na perege hukosa pumzi (kambale huvumilia kidogo). Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hizo ni nukta sita tu.

Wanaolima ndani ya nukta hizo si wageni. Tunasali nao, na mazao yao huja altareni siku ya mavuno. Tunajua pia kwamba ardhi yenye unyevu wakati wa kiangazi ni ada ya mtoto. Kwa hiyo kuwahubiria tu kutoka mimbarini hakutoshi. Huko nako ni kutazama kutoka juu.

Tunapendekeza jumuiya ndogondogo za kando ya ziwa zipime mita 60 kwa kamba kabla ya masika, sisi mafrateri tukiwa nazo. Mwenye shamba atakayeguswa asiachwe peke yake: jumuiya imsaidie kupanda hapo majani ya ng'ombe, yanayoshika udongo bila jembe la kila msimu. Kamba tutaileta sisi.