TAARIFA YA TAWI: UTABIRI UTUMIKE KABLA YA MVUA

Ndugu wanachama,

Mei 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga, ambako wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamejazana ufukweni. Katika wiki chache wagonjwa walifikia maelfu, na watu wapatao 31 walifariki. Ugonjwa huu hauji bila dalili: mvua zikizidi vyoo hufurika, uchafu huingia ziwani, nasi tunachota maji hapohapo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu kabla hazijaanza. Ukisomwa pamoja na takwimu za wagonjwa za zahanati zetu, unaonyesha pa kuanzia, iwe Kibirizi, Katonga au Ujiji.

Wapo wanaosema utabiri hukosea. Ni kweli. Hata bajeti ya tawi ni makadirio, lakini hatuiachi. Tunaipitia na kuirekebisha. Dawa ya maji ikibaki stoo ni hasara ndogo. Ikikosekana, tunazika.

Tunaomba kila mwanachama ahudhurie mkutano wa mtaa na kumuuliza diwani: utabiri umesomwa? Fungu limetengwa? Dawa itafika mialoni lini?

Katibu wa Tawi