Likizo ya magofu Kilwa: Homa baada ya safari si uchovu

Fedha za korosho zikishaingia na shule kufungwa Desemba, mzazi wa Newala au Masasi mwenye uwezo anaweza kuwapeleka watoto kuona magofu ya Kilwa Kisiwani. Mtoto aliyesoma darasani habari za biashara ya dhahabu ataona kwa macho yake Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe lenye bwawa la kuogea la pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na UNESCO iliingiza magofu hayo katika Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Njia ni ndefu. Kutoka Masasi ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Ndanda, Mnazi Mmoja, Lindi na Nangurukuru hadi Kilwa Masoko, ambako hupatikana kibali na chombo cha kuvukia.

Mtoto anayetapika garini apewe chakula chepesi kabla ya kuondoka, akae mahali anapoona mbele, na gari lisimame kila baada ya saa mbili anyooshe miguu. Maji safi ya kunywa yabebwe ya kutosha, kwani joto la pwani si la uwandani Newala.

Kwenye boti, kila mtoto avae boya linalomtosha. Boya la mtu mzima humchomoka mtoto akiangukia majini. Kisiwani, matembezi yafanyike asubuhi, kwa kofia na viatu vya kufunika vidole. Wadogo washikwe mkono karibu na visima na kuta zilizochakaa.

Usiku walale ndani ya chandarua. Hapa ndipo wazazi wengi hujisahau. Dalili za malaria huanza kwa kawaida siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati familia imekwisharudi nyumbani na mabegi yamefunguliwa. Mtoto akichemka, husemwa ni uchovu wa safari, akapewa panadol na kulazwa.

Homa hiyo ipimwe siku hiyohiyo, na mhudumu aelezwe mtoto alikotoka. Dawa ya malaria itolewe baada ya kipimo. Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, anayeshindwa kunywa au kunyonya, au aliyelegea, awahishwe kituo cha afya bila kusubiri kukuche.